Mzee Koti Hageuki

Jumapili iliyopita nilifungua kopo jipya la kiwi ili nisugue viatu vya shule vya mwanangu, na kabla brashi haijagusa kiatu nikajikuta nimekaa chini sakafuni, kopo puani, nacheka peke yangu. Mwanangu akauliza mama vipi. Nikamwambia hamna kitu, nimekumbuka gemu. Akanitazama kwa lile jicho la huruma ambalo watoto wa siku hizi huwatazamia wazazi wao, kisha akarudi kwenye TV, pedi mkononi. Nyuma yake, kwenye kochi, alikuwa amekaa Baba yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Chanika, macho yake ya uzee ameyakaza kwenye skrini kama anayeelewa kila kitu. Simlaumu mwanangu. Kwa watu wengi kiwi ni harufu ya Jumatatu asubuhi. Kwangu mie ni harufu ya furaha kubwa kuliko zote nilizozipata utotoni, na niliipata Tandale, ndani ya kibanda cha mabati, siku ambayo nilistahili kabisa kuchapwa.

Mie huwa naandika kuhusu gemu. Siandiki jinsi ya kushinda, hayo wapo vijana wanaoyaweza kuliko mie. Naandika kama gemu ni nzuri au mbaya, inatuambia nini, imetudanganya wapi. Watu wakiniuliza nilianzia wapi huwa nawapa jibu la kistaarabu, kwamba nilisoma, nikapenda, nikafungua blogu. Uongo mtupu. Nilianzia kwa Mama Sharifa, na aliyenifundisha kazi hii hajawahi kushika pedi maisha yake yote.

Baba ni Mmakonde wa Newala. Alikuja Dar na tezo, patasi tatu na sifa za ufundi ambazo hapa mjini hakuna aliyezijua. Tukapanga vyumba viwili Tandale, si mbali na soko, akawa anachonga uani chini ya bati na kupeleka vinyago Mwenge kwa wenye maduka. Kuna watu wanadhani mpingo unang'aa wenyewe. Haung'ai. Unapigwa msasa mpaka vidole vinaota sugu, halafu unatiwa kiwi, hii hii ya viatu, unasuguliwa kwa kitambaa mpaka unajiona pua humo. Kazi ya kiwi ilikuwa yangu. Kila Jumamosi mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na Jumatatu kucha zangu zilinitafutia maneno kwa mwalimu wa zamu.

Na Baba alikuwa na ugonjwa mmoja: migongo. Mtu akimletea kinyago akitazame, yeye hatazami uso. Anakigeuza kwanza. Alikuwa akisema uso kila mtu anauchonga vizuri kwa sababu ndio mnunuzi anaoutazama, ila ukitaka kumjua fundi, angalia alichofanya kule alikodhani hakuna atakayeangalia. Niliyasikia maneno hayo mpaka nikayachoka. Mama alikuwa akimtania kwamba hata siku ya kuja kumposa alizunguka kwanza nyuma ya nyumba. Baba hakuwahi kukanusha.

Kibanda cha Mama Sharifa kilikuwa mitaa miwili kutoka kwetu. Nyie wa umri wangu mnavikumbuka vibanda vile: pazia la kanga kuukuu mlangoni, benchi la mbao lenye msumari mmoja uliojitokeza ambao kila mtu aliujua mahali ulipo, na joto la kukufanya utoke na shati la kukamua. Mama Sharifa mwenyewe alikaa mlangoni anakaanga mihogo, mgongo wake kwenye TV, maana gemu hazikumhusu. Zilimhusu sheria. Kulia hakuruhusiwi. Kusimama mbele ya TV hakuruhusiwi. Na anayengoja zamu yake anaruhusiwa kusema lolote kuhusu gemu, ila haruhusiwi kumtukana anayecheza. Nimekaa na watu wengi wanaojiita wachambuzi, na sijakutana na sheria bora kuliko hiyo ya tatu.

TV zilikuwa mbili, zote za chogo. Kubwa ilikuwa ya mpira, na foleni yake haikuisha tangu asubuhi. Ndogo, kule kona, ilikuwa na CD moja tu ambayo watoto wengi hawakuitaka, kwa sababu haikuwa na mpira, wala ngumi, wala magari. Maandishi yaliyokuwa juu ya CD ile yalishafutika kwa kushikwashikwa, kwa hiyo hatukujua gemu yenyewe inaitwaje. Sie tuliiita Mzee Koti.

Ilikuwa hivi. Mtu mmoja mrefu, koti la kahawia linalofika magotini, taa ya mkononi, anatembea kwenye mji ambao milango yote imefungwa. Mvua inanyesha. Unamwona kwa nyuma, muda wote. Unamwona bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, unaona pindo la koti lilivyochanika na kushonwa tena kwa uzi usiofanana, unaona akichoka anavyoinamisha shingo. Akisimama kupumzika, maji yanachuruzika kwenye koti kufuata mikunjo. Mie niliweza kukaa saa nzima namtazama tu anavyopanda ngazi.

Aliyecheza alikuwa Kasimu, mtoto wa jirani yetu, amenizidi miaka mitatu hivi na ana vidole gumba vya kuvikabidhi maisha yako. Aliyetafsiri alikuwa Domi, mtoto wa karani mmoja aliyehamia kutoka Bukoba. Domi ndiye pekee aliyejua Kiingereza, au tuseme ndiye pekee aliyethubutu kusema anakijua. Kila maandishi yakitokea kwenye skrini, tunamgeukia, naye anakunja uso na kusoma taratibu, kisha anatoa hukumu. Kwa mujibu wa Domi, Mzee Koti alikuwa anatafuta hati ya kiwanja. Ameibiwa hati yake na ndugu, na wote waliofunga milango ni mashahidi wanaoogopa kwenda mahakamani. Tuliamini. Nyumbani kwa akina Domi hakukuzungumzwa kitu kingine isipokuwa hati, na sie wengine wote wazazi wetu walikuwa wapangaji, kwa hiyo hatukuona sababu nyingine ya mtu mzima kutembea mvuani.

Shida ni kwamba kibanda hakikuwa na memori kadi. Ukizima, umerudi mwanzo. Kila siku Mzee Koti aliamka kwenye kijia kile kile, mbele ya mlango ule ule, na kila siku kabla hajafika mbali ama zamu inaisha, ama umeme unakatika, ama Kasimu anaitwa kwao kuteka maji. Mtaa wake wa kwanza niliujua kuliko ninavyoujua mtaa wowote wa Kinondoni hadi leo. Zaidi ya daraja la mbao hatukuwahi kuvuka.

Sasa hapa ndipo niwaambie ujinga wangu. Kwetu sie, mtu mzima akikupa mgongo, kuna jambo. Amekasirika, au umemkosea, au ameamua kwamba wewe si wa kuzungumza naye. Mie nilikuwa na miaka kama tisa, na nilikata shauri kwamba Mzee Koti amenuna. Amenuna na sie, watu wa benchi. Na nikajiuliza tumemkosea nini, nikapata jibu haraka sana: hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwamkia. Mzee wa umri ule, tunamwendesha huku na huku kwenye mvua kama punda, tunamgongesha kutani, na hakuna shikamoo. Nani angegeuka?

Basi nikawa namwamkia. Kila gemu inapoanza, Kasimu hajagusa kitufe, mie kimoyomoyo na midomo inacheza: shikamoo. Kisha nasubiri. Nilikuwa na hakika kwamba mzee yeyote duniani akipewa shikamoo lazima ageuke aitikie, hata awe na hasira vipi, maana nilikuwa sijawahi kuona anayekataa. Hakugeuka. Nikafikiri labda hasikii kwa sababu ya mvua. Ikawa ndiyo haja yangu kubwa kuliko daftari, kuliko pipi, kuliko sikukuu: nimwone uso. Sikumwambia mtu kuhusu shikamoo, nisingepona kwa kuchekwa. Kuhusu uso niliwaambia, na ajabu ni kwamba hata wao walikuwa wanautaka. Tukiwa tumekaa tunasubiri umeme urudi, ndiyo yalikuwa mabishano yetu. Kasimu alisema ana kovu. Domi alisema ana miwani, kwa sababu ya kusoma hati. Mie nilisema ana uso wa mtu aliyelia akanyamaza. Na wale wa mpira walituuliza, sasa gemu ambayo hushindi ina faida gani, nasi tukawajibu kwamba nyie mnashinda kila siku na kesho yake mmesahau mlimfunga nani. Tulibishana vizuri sana pale. Siku hizi nalipwa kwa hayo, na si mara nyingi nafikia kiwango kile.

Ijumaa moja Mama Sharifa akatutangazia, bila hata kuacha kugeuza mihogo, kwamba Jumapili anakwenda Kariakoo kuibadilisha ile CD ya kona. Anachukua ya mpira. Wateja wanataka mpira, na sie watatu wa Mzee Koti hatuwezi kumlishia watoto. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mafuta yamekwisha.

Sikuwahi kupata habari ya msiba kabla ya hapo, kwa hiyo nilidhani ule ndio msiba. Nilirudi nyumbani nikakataa kula. Mama akanishika paji la uso, akaona sina homa, akaniacha. Nilichokiwaza ni kwamba Mzee Koti atakwenda na hasira zake, na hatutakuja kujua uso wake kamwe. Ila Kasimu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuwa amepiga hesabu zake. Alituambia tukianza Jumamosi asubuhi kibanda kinapofunguliwa, na kila mmoja wetu akampa zamu yake, na umeme usikatike, na asiitwe kwao, anaweza kuimaliza kabla ya magharibi. Kwao aliahidi kuteka maji alfajiri. Umeme tulimwachia Mungu. Iliyobaki ilikuwa mie na kiwi.

Jumamosi hiyo Baba alikuwa na vinyago kumi na viwili vya kupeleka Mwenge kabla ya jua kuzama, kazi ya mwezi mzima, na alikuwa ametoka kutafuta gunia la kubebea. Kumi na viwili ni kazi ya kunimalizia siku. Nilivitazama vilivyojipanga, nikalitazama jua, na shetani akaniambia kitu chepesi: wanavitazama kwa mbele. Nikatia kiwi nyuso. Nikatia vifua na mikono na magoti. Nikavisugua mpaka vikang'aa, kisha nikavipanga vyote ukutani, migongo kwenye tofali, nyuso kwangu, vinapendeza ajabu. Migongo yote kumi na miwili ilikuwa mikavu na ya kijivu, kama nyayo za mtu asiyejua mafuta. Nikanawa nusu nusu, nikachomoka mbio. Mtoto wa Fundi, fundi wa migongo. Hata leo nikikumbuka najishika kichwa.

Nilipofika Kasimu alikuwa ameshapita mtaa wa kwanza. Sitawasimulia yote, mtachoka, na mie nitachelewa kumaliza viatu. Ila tulivuka daraja. Daraja lile la mbao, ambalo lilikuwa limemuua Mzee Koti mara ambazo hakuna aliyezihesabu, Kasimu alilivuka polepole huku Domi amefumba macho, na ng'ambo yake kulikuwa na soko. Soko tupu. Meza zimepangwa, turubai zinapepea, na hakuna mtu. Benchi zima lilinyamaza. Sie ni watoto wa Tandale, soko tunalijua kwa kelele zake, hatujawahi hata siku moja kuliona likiwa kimya, na pale ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa jini au mbwa. Hakukuwa na zimwi wala damu. Meza tupu tu. Mpaka leo nikiandika kuhusu woga kwenye gemu naanzia pale.

Wale wa mpira wakaanza kuja kona yetu mmoja mmoja, wanajifanya wanapita. Kufikia adhuhuri TV kubwa ilikuwa inacheza yenyewe. Kasimu tulimlisha mihogo mdomoni kama bwana harusi ili asiachie pedi, na mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kumfuta jasho tu. Umeme uliyumba mara moja, skrini ikajikunja na kujinyoosha. Haikuzima. Mama Sharifa aliyeitwa na ule ukimya akaingiza kiti chake ndani, akaketi, na kwa mara ya kwanza akaitazama biashara yake mwenyewe. Mihogo iliungua na hakusema kitu.

Baada ya alasiri tukafika kwenye nyumba. Ilikuwa juu ya kilima, na mlango wake, wa kwanza kuwa wazi katika gemu nzima, ulikuwa na mwanga ndani. Mzee Koti akapanda. Akafika kizingitini. Kisha pedi ikaacha kufanya kazi, Kasimu akabonyeza na kubonyeza, akainua mikono juu kutuonyesha kwamba si yeye. Mzee Koti akaweka taa chini. Taratibu, bega la kulia kwanza, akaanza kugeuka.

Nilisimama. Mbele ya TV, kinyume cha sheria, nikasahau benchi, nikasahau kuchekwa, nikasahau kila mtu. Nikasema kwa sauti yangu yote ya miaka tisa:

"Shikamoo."

Na sauti nzito ya mtu mzima ikajibu, "Marahaba."

Naapa kwamba kwa muda mfupi mno, chini ya pumzi moja, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam. Ameitikia. Kisha nikasikia benchi zima linaangua kicheko, na nikatambua kwamba sauti imetokea nyuma yangu. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama penye pazia, gunia begani, na kinyago kimoja mkononi. Alikuwa amekishika uso ukimtazama yeye. Mgongo wa kijivu ulikuwa unanitazama mie.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na bado, kwa sababu nilikuwa nimengoja sana, niligeuka tena kwenye skrini kabla ya kujitetea. Uso ulikuwa pale. Watoto walikuwa wanashangilia, Kasimu amebebwa juu, Mama Sharifa anapiga vigelegele kwa jambo ambalo hakulielewa. Na uso wenyewe ulikuwa bapa. Macho kama yaliyopakwa rangi, mdomo hauchezi, mashavu ya sanamu la duka la nguo. Hakukuwa na kovu, wala miwani, wala mtu aliyelia akanyamaza. Nikasema, na sikujua kama ninasema kwa sauti, kwamba ni mbaya.

Kelele zikakatika. Kasimu akashushwa. Alinitazama kama niliyemtemea mate, na alikuwa na haki, vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa ajili yangu. Nilidhani Baba atanishika sikio na kuniondoa pale. Badala yake akaweka gunia chini.

"Sema kwa nini," akasema.

Nikasema sijui. Akasema siwezi kuita kazi ya mtu mbaya halafu nisijue. Basi nikajikaza. Nikasema kule nyuma koti lina uzi wa kushonea, na maji yanafuata mikunjo, na bega moja limeshuka kwa sababu ndilo linalobeba taa. Nikasema aliyetengeneza mgongo alimjua Mzee Koti. Aliyetengeneza uso hakumjua. Baba akamwomba Kasimu, kwa adabu kabisa kama anavyomwomba fundi mwenzake, amwonyeshe huo mgongo. Kasimu akaanzisha gemu upya, na Mzee Koti akaamka kwenye kijia chake, mvuani. Baba akachuchumaa mbele ya TV, hakuna aliyethubutu kumtajia sheria. Akatazama muda mrefu. Akanyoosha kidole, akakipitisha hewani kufuata bega lile lililoshuka.

"Huyu ni fundi," akasema. "Kule usoni alichoka, au akaja mtu mwingine." Kisha akanipa kile kinyago. "Na wewe je?"

Nilikishika tu, kikavu, kinanikwaruza viganja. Yule fundi wa mbali aliitengeneza nyuma na kuharibu mbele, mie nimeitengeneza mbele na kuharibu nyuma, na nadhani tulilitambua jambo hilo kwa pamoja, kwa sababu Baba mdomo ulianza kumcheza. Kulia kulikatazwa mle ndani. Nikacheka. Naye akacheka, na Baba kucheka mbele za watu ilikuwa nadra.

Akatoa kopo la kiwi mfukoni na vitambaa, akamwaga vinyago vyote kumi na viwili kwenye benchi. Jua lilikuwa linashuka na Mwenge kunamngoja. Watoto wakagawana, wa mpira na wa Mzee Koti, kila mmoja na mgongo wake, Mama Sharifa naye akachukua mmoja mkubwa akasema huu niachieni. Kibanda kizima kikanukia kiwi. Na huku tunasugua, tukabishana. Kasimu, ambaye nilishasema hakuwa mtu wa maneno, ndiye aliyenijibu. Alikuwa bado ana hasira. "Ungetembea wewe njia yote ile na mvua yote ile," aliniambia, "ungekuwa na uso gani? Hana uso kwa sababu amechoka." Nimelitafuta jibu mpaka leo. Baba akasema nimepata mtu wa kunijibu, nisimwache, na sikumwacha: Kasimu sasa hivi anatengeneza simu Temeke, na kila ninachokiandika namtumia kwanza. Ananirudishia ujumbe wa sauti, na nusu yake ni kukataa.

Jumapili CD ikaenda Kariakoo. Sikulia. Mama Sharifa akaanza kuniuliza, kila ikija gemu mpya, ni nzuri au mbaya, na nikijibu tu anatikisa mwiko wake na kuniambia maneno ya Baba: sema kwa nini. Jina la Mzee Koti sijalipata hadi leo. Wasomaji huwa wananitumia majina, picha, wengine wanabishana wao kwa wao. Nafungua zile picha nikiwa na hofu kidogo, na bado sijaona lile bega. Kuhusu hati ya kiwanja, Domi alikuja kukiri akiwa mtu mzima kwamba alikuwa anajua maneno kama kumi.

Basi Jumapili iliyopita, kopo likiwa bado puani, niliinua macho nikamwona mwanangu kwenye zulia, amejikunja mbele kama anataka kuingia kwenye skrini, na Baba nyuma yake kwenye kochi. Na nikakumbuka swali ambalo sikuwahi kuliuliza. Siku ile nilikuwa nimevaa jezi ya kaka yangu, kichwa kimenyolewa kama cha mtoto yeyote wa shule ya msingi, kwenye giza la kibanda kilichojaa watoto, na wote tumempa mgongo. Nikamuuliza Baba alinijuaje.

Baba akacheka kidogo. Akasema nilidhani alifika pale nilipoamkia, lakini yeye alifika zamani, tangu tukiwa darajani. Alikuja na fimbo. Aliiacha nje, na alipotoka aliikuta Mama Sharifa ameichochelea moto wa mihogo. Nikamuuliza sasa saa zote zile alikuwa amesimama pale anafanya nini, gunia begani na mteja anamngoja. Akasema mwanzoni alitaka kujua kama yule bwana atapata hati yake.

Kisha akamtazama mjukuu wake, ule mgongo mdogo uliojikunja.

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Ulikuwa umefurahi. Sikuhitaji kukuona uso."

Mwanangu akatuomba tupunguze sauti, yuko sehemu ngumu. Nikachovya brashi kwenye kopo, nikavigeuza viatu vyake, nikaanza na visigino.